Bega la Bi Zarina

Mzee Karim alifariki mwaka huu, baridi ilipoanza, na habari ilinikuta Durban nikiwa kwenye cherehani, nashona kola ya shati la shule la mtoto wa jirani. Nilipanda basi siku hiyohiyo. Nyumba yake ya Troyeville, mjini Johannesburg, niliikuta imejaa wanawake wa Tanga na Unguja, majamvi yametandikwa mpaka kwenye korido, jikoni masufuria ya kuazima yanapishana, na Bi Zarina yuko chumbani kwake, amekaa eda. Aliponiona hakulia. Alinishika shavu akasema, "Umenenepa, Riziki. Alhamdulillahi." Kisha akaendelea, "Polisi wamekuja kuchukua baruti yake, umesikia? Vijana wapole sana. Mmoja akaniuliza, bibi, mzee alikuwa mwindaji? Nikamwambia, hapana mwanangu, mume wangu hajaua hata njiwa. Mume wangu alikuwa mpishi." Wanawake waliokuwa karibu walitazamana, wakadhani huzuni imemchanganya. Mimi nilicheka, naye akacheka, na katika kicheko hicho ndipo machozi yake yalipopata njia. Tulishikana mikono mpaka walipotuletea chai.

Neno hilo la mpishi lilitoka mwaka wa 2017, nao ndio mwaka ulionifanya niwe mtu mzima, ingawa wakati ule nilijiona nimekwishakuwa mtu mzima zamani. Mzee Karim alikuwa fundi cherehani. Gereji ya nyumba yake aliigeuza karakana, na mimi alinipa kona moja karibu na dirisha nishone sare na mapazia. Nilikuwa nikilala Hillbrow kwa Tantine Odette, tuliyemwita shangazi kwa heshima tu, mama wa kanisani kwetu aliyenipokea nilipofika kutoka Bukavu, ghorofa ya juu kabisa katika jengo ambalo lifti yake ilikuwa imegeuka jalala. Mwezi wa pili, Bi Zarina alifanyiwa upasuaji, akakatwa titi la kulia. Aliporudi kutoka hospitali, Mzee Karim alikuja kusimama kando ya mashine yangu, amevua kofia, anaizungushazungusha mikononi. "Binti," akasema, "mke wangu anahitaji mwanamke wa kumwogesha. Mimi hanitaki. Anasema nisubiri nje." Maneno hayo ya mwisho aliyasema akitazama sakafu. Kufika Jumamosi nilikuwa nimehamia chumba chao cha uani na godoro langu.

Ilikuwa nyumba ya zamani yenye sakafu ya mbao inayolia, madirisha marefu, na jiko lililokuwa na jua asubuhi nzima. Bi Zarina alipenda mikate ya duka la Wareno la mtaa wa pili, lakini aliila na mbaazi za nazi, kama alivyozoea kwao Tanga, na kila aliponiona nasonga ugali wa muhogo kwa sombe, kisamvu chetu, alichungulia sufuria na kusema, "Nyie Wakongo mnapika majani kama mna hasira nayo," kisha akaomba aonje. Nyuma ya jiko kulikuwa na chumba kidogo, zamani kilikuwa stoo ya chakula. Wiki ya kwanza nilikifungua nikitafuta ndoo ya kupigia deki. Nilikuta meza nzito ya mbao, mizani ndogo kama ya sonara, mashine ya chuma yenye mkono mrefu wa kushusha, na juu ya meza, ndani ya ubao wenye matundu, maganda ya risasi yamesimama kwa mistari, yanang'aa, midomo wazi.

Nilifunga mlango, nikaenda kukaa kwenye ngazi za uani. Katika usiku uliotufanya tuondoke Bukavu, risasi ilipita kwenye kabati la vyombo, ikavunja sahani za harusi ya mama na kutuacha sisi wazima chini ya kitanda. Kulipokucha mama alichukua ufagio akafagia maganda uani, taratibu, kama mtu anayefagia punje za mahindi, akayatia kwenye kopo la maziwa na kulitupa chooni. Sauti ya maganda yale yakigongana ndani ya kopo nilikuwa sijamsimulia mtu yeyote. Bi Zarina alinifuata, anatembea ameukunja mkono wa kulia kifuani kama mtu aliyebeba kifaranga. Hakuuliza nimeona nini. "Ni vitu vyangu vile," akasema. "Mimi ndiye ninayepiga. Yeye ananitengenezea." Nilimtazama mama yule wa miaka sitini na ushee, mwenye hina vidoleni na kanga ya maua, nikadhani dawa za maumivu zinasema. Lakini ilikuwa kweli. Alijifunza kulenga shabaha akiwa msichana kwenye mafunzo ya mgambo, na huku Johannesburg, kwa miaka mingi, walikuwa wakienda pamoja kwenye uwanja wa shabaha nje ya mji, yeye akipiga, mumewe akikaa nyuma yake na darubini. Kibali walikuwa nacho, sefu ya chuma iliyofungwa ukutani walikuwa nayo, na ukutani pia kulikuwa na karatasi moja iliyotobolewa katikati, imewekwa kwenye fremu pale ambapo watu wengine huweka picha ya harusi.

Mazungumzo yao niliyasikia kupitia ukuta wa jikoni, baada ya sala ya alfajiri, wakidhani nimelala. Mashindano ya klabu yao yalikuwa yanafanyika mwezi wa tisa, na Bi Zarina alitaka kupiga ile shabaha ya mbali, ya mita mia sita, kama kila mwaka. "Kitako cha bunduki kinakaa wapi, Zarina?" nilimsikia Mzee Karim akiuliza. "Kinakaa palepale walipokukata." Yeye akajibu, "Daktari kasema kidonda kikipona nitumie mkono." "Kasema uanike nguo. Hakusema upigwe teke na bunduki." Kijiko kikazunguka kikombeni. Halafu sauti ya Bi Zarina, ndogo, ambayo sikuwahi kuisikia mchana: "Karim, kila mtu katika nyumba hii ananishika kama yai. Hata wewe. Nipe kitu kimoja ambacho si cha mgonjwa." Siku ile, alipomaliza chai, Mzee Karim alikuja kwenye kona yangu na kuniuliza kama naweza kumshonea mkewe mto wa bega.

Nilimpima Bi Zarina bafuni, kwa sababu ni pale tu alipokubali kuvua blauzi. Kovu lilikuwa bado jekundu, limenyooka kutoka kwapani kuelekea katikati ya kifua, na juu yake kidogo, chini ya mfupa wa bega, palikuwa na kibonde ambamo kitako cha bunduki kimekuwa kikikaa miaka yote. Nilikata mto kwa pamba ya godoro na sufi, nikaushonea ndani ya koti lake la kupigia shabaha. Wakati najaribisha, alitazama kioo kwa mara ya kwanza tangu nihamie, haraka, kisha akageuka. "Mshonaji mzuri," akasema. "Umefanya mtu asijue upande upi umepungua."

Baada ya hapo Mzee Karim aliniomba jambo jingine. Mtoto wa jicho alikuwa amemwanza, na namba za mizani zilikuwa zikimchezea. Alitaka niketi naye nimsomee. Nilimwambia hapana. Hakunisihi, alisema tu, "Sawa, binti," akaenda zake, nami siku mbili tatu nikawa namwona kupitia mlango ulio wazi, ameinamia mizani, anavua miwani, anaivaa, anamimina baruti na kuirudisha koponi. Ndipo nikaingia na kuketi. Alikuwa na kanuni zake: kopo moja tu la baruti mezani, simu ibaki jikoni, na mtu asizungumze chochote isipokuwa cha kazi. Yeye aligongagonga kijiko, punje zikaanguka kwenye kisahani cha mizani, mimi nikasema, "Bado. Bado. Basi." Alisukuma fataki mpya, ile ya kuwashia baruti, kwenye kitako cha ganda, akamimina baruti, akaweka kichwa cha risasi mdomoni mwa ganda na kushusha mkono wa mashine kwa upole, kama mtu anayemfunika mtoto.

Siku moja tukila mchana alinieleza kile alichokuwa akikitafuta. "Watu wanadhani risasi nzuri ni yenye kasi," akasema, akiumega mkate. "Ukiongeza baruti, ni kweli, inakimbia, inafika mbali kabla upepo haujaisukuma. Lakini bunduki inapiga teke kali, na ukizidi, matundu kwenye karatasi yanaanza kutawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe. Ukipunguza, teke linapungua, bega linapumua. Ila risasi inachelewa njiani, na ule upepo wa Agosti unaipeleka unakotaka wenyewe. Ikichoka sana inaanza kuyumba kabla haijafika. Kila bunduki ina mahali pake katikati. Na kila mpigaji." Akatazama mlango wa chumbani. "Mpigaji wangu amebadilika. Inabidi nianze upya."

Tantine Odette alizisikia habari hizo kanisani, sijui kwa nani. Jumapili moja alinivuta kando, chini ya ngazi za jengo tulilokodi kwa ibada. "Riziki, ni kweli ile banasema? Uko unatengeneza masasi? Weye, mutoto wa Bukavu?"

"Si ya kuua, tantine. Ni ya kutoboa karatasi."

"Karatasi! Hata kule kwetu balianzaga na karatasi." Alinishika kichwa kwa mikono yote miwili akaniombea palepale, kwa sauti, watu wakipita. Sikukasirika. Nilijua anachokiogopa kwa sababu nami nilikuwa nakiogopa. Ila nilipomweleza kuhusu maman niliyekuwa namwogesha, na mahali alipokatwa, mikono yake ililegea kichwani mwangu. Kuanzia hapo kila Jumapili aliniuliza kwanza, "Na yule maman anaendelea?" kabla hajauliza kama nimefunga na kusali.

Mara ya kwanza kwenda uwanjani ilikuwa mwezi wa saba. Tulitoka mjini kuelekea mashariki, tukapita vilima vya mchanga wa migodi, nyasi zote zimekauka rangi ya mkate. Nilikuwa nimewaambia nitabaki garini. Mlio wa kwanza ulipokuja, wala si wa Bi Zarina, wa mtu mwingine huko mwisho wa mstari, nilijikuta nimeinama kati ya viti, kichwa magotini, mikono masikioni. Sijui nilikaa hivyo muda gani. Mlango ulifunguliwa, Bi Zarina akaingia na kukaa kando yangu na koti lake lenye mto, vizuia masikio vinaning'inia shingoni. Alinitazama kama daktari. Nikamwambia. Kabati, sahani, ufagio, kopo. Yote, kwa Kiswahili cha kwetu, haraka, na yeye hakunikatiza hata pale asipoelewa neno. Nilipomaliza alisema, "Eish, mwanangu," na hilo ndilo neno pekee la Johannesburg nililowahi kumsikia akilisema. Kisha akanivalisha vizuia masikio vyake mwenyewe. "Njoo usimame nyuma yangu. Usisikilize mlio. Tazama mgongo wangu. Ukiuona umetulia, ujue hakuna kitu." Nilikwenda mpaka nusu ya njia. Siku hiyo ilinitosha.

Bi Zarina alivaa vizuia masikio vingine, akalala kwenye jamvi, bunduki juu ya mfuko wa mchanga, akapiga. Hata mimi niliona kwamba haikumpiga teke, ilimsukuma tu. Mzee Karim alikuwa na jicho moja kwenye darubini. Bi Zarina alipiga tena, na tena, kisha akaishusha bunduki na kugeuza kichwa. "Karim."

"Naam."

"Zinaangukia wapi?"

"Chini kidogo. Upepo umezichukua."

"Chini kidogo? Mimi naijua bunduki hii kuliko ninavyokujua wewe. Umenipikia uji."

Mzee Karim alikuwa amepunguza baruti sana, kupita hata kile alichonieleza mimi mezani. Risasi nyingine alizitengeneza peke yake, kwa kupapasa na kwa mizani asiyoiona vizuri. Wakati wa kurudi tulisimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, za Bezuidenhout Valley, taa ikawa kijani, na Mzee Karim hakuondoka mpaka gari la nyuma lilipopiga honi. "Nimekupikia kinachopita kooni," akasema mwishowe, akitazama mbele. Bi Zarina akajibu, "Sikukuomba unilishe. Nilikuomba uniambie ukweli."

Basi Mzee Karim akaanza kuongeza baruti, kidogo kidogo, nami nikisoma namba, na kila baada ya siku chache tulikwenda uwanjani. Matundu yalianza kukaribiana. Kila baada ya kupiga Mzee Karim aliuliza, "Inauma?" na kila mara Bi Zarina alisema, "Hata." Alisema hivyo huku akitabasamu, na mzee akamwamini, kwa sababu alitaka kumwamini. Mimi ndiye niliyemvua koti bafuni. Mwanzo wa mwezi wa nane niliona doa la zambarau limetandaa kutoka begani mpaka kwenye kovu, na mahali pamoja ngozi mpya ilikuwa imevimba. Nilisimama na sponji mkononi, maji yanadondoka. "Usimwambie," akasema Bi Zarina. "Tumefika karibu. Nipe wiki chache tu." Nikamwuliza, "Na kovu likifunguka?" Akasema, "Ni bega langu." Na ni kweli lilikuwa lake. Usingizi ulinihama kwa sababu ya maneno hayo mawili, bega langu, na mpaka leo nikiwa na watoto wangu na magomvi ya nyumba yangu, sijapata jibu lake zuri. Najua tu kwamba katika nyumba ile kulikuwa na watu wawili waliopendana, mmoja akidanganya juu ya baruti na mwingine akidanganya juu ya maumivu, kila mmoja kwa ajili ya mwenzake, na mimi katikati nikijua yote.

Asubuhi Mzee Karim alipotandika kitambaa mezani na kuniita nimsomee, niliketi, nikatazama mizani, nikasema, "Mzee, mimi sisomi leo. Bega limevilia damu. Amekuficha." Alikaa na kijiko hewani. Aliirudisha baruti koponi punje kwa punje, akafunga kifuniko, akaenda chumbani na kufunga mlango. Sikusikia maneno, na wala sikusogea ukutani kuyatafuta. Bi Zarina alininunia kwa siku kadhaa. Nilimwogesha kimya, nikamkausha kimya, nikampakulia chakula akala bila kuchungulia sufuria. Nilikwishaanza kufunga vitu vyangu nirudi Hillbrow, ndipo siku moja nikamkuta ameketi kwenye kiti changu stoo, mumewe kando yake, kopo la baruti katikati yao. "Njoo, Riziki, wewe ndiye shahidi," akasema, uso bado mgumu. "Yeye ataniambia kila anachokipima. Mimi nitamwambia kila kinachouma. Anayedanganya anapika ugali wa muhogo mwezi mzima." Mzee Karim akasema, "Na tukikuta kwamba kinachofika mbali kinakuumiza?" Akajibu, "Basi tutapiga karibu." Nilimwona ameyasema hayo kwa taabu, na nilimwona mumewe ameona.

Walipumzisha bega mpaka doa lilipoisha. Nikaongeza sufi kwenye mto na kuushusha kidogo, ubebe mzigo kabla ya kovu. Mzee Karim alijaribu vichwa vya risasi vyepesi zaidi, akarudi kwenye kipimo cha baruti kilicho chini ya kile cha zamani na juu ya ule uji, na hapo, mahali ambapo yeye wala mkewe hawakupategemea, matundu yakajikusanya. Kasi ilikuwa imepungua kuliko miaka yote. Ilibidi Bi Zarina ajifunze upya kuusoma upepo, aelekeze bunduki mbali na shabaha na kuiamini hewa iilete risasi. "Inauma?" mumewe aliuliza. Alifikiri kwanza. "Inauma kama mtu aliyenigonga sokoni," akasema. "Nikipiga chache, naiweza."

Siku ya mashindano, kwenye ile shabaha ya mita mia sita, upepo ulikuwa ukija na kuondoka, bendera ndogo za uwanjani zinainuka na kulala. Nilisimama nyuma yake, karibu kabisa, nikatazama mgongo wake ndani ya koti nililolishona. Mwili wangu ulitetemeka mlio wa kwanza, na wa pili, lakini mgongo ule haukutetemeka, na nikabaki nao. Karatasi ilipoletwa, tundu moja lilikuwa limepotea pembeni kabisa, ambapo upepo ulimhadaa, na mengine yote yamekaa pamoja kando kidogo ya katikati, yangefunikwa na kisahani cha kikombe. Hakupata zawadi yoyote. Kijana mmoja na bunduki yake ya kasi aliwapita wote. Bi Zarina aliipokea karatasi yake, akaitazama, akampa mumewe, na Mzee Karim akaisogeza karibu na lile jicho lake zuri na kuishika hivyo muda mrefu kuliko alivyohitaji kuisoma. Mtu mmoja wa klabu aliniuliza kama nami nataka kujaribu kupiga. Nikasema hapana, asante. Bi Zarina akasema, "Amesema hapana," akaninyooshea mkono nimsaidie kuinuka.

Tulirudi nyumbani jua likiwa bado juu. Nilimwekea maji bafuni, nikamvua koti, nikalitazama bega: jekundu kidogo, si zaidi. Niliandaa sponji kama kawaida. Aliingia kwenye maji, akaegemeza kichwa nyuma, akafumba macho, nikadhani amesinzia. Kisha akaita, kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ambayo angemwitia mtu amletee chumvi.

"Karim!"

Nilisikia sakafu ya korido ikilia, halafu ikanyamaza nje ya mlango. "Naam," akajibu. "Unataka nimwite Riziki?"

"Riziki yuko hapa. Nakuita wewe. Ingia."

Niliiweka sponji kwenye ukingo wa beseni la kuogea. Mzee Karim alifungua mlango polepole, amekunja mikono ya shati lake, na nilipompita hakuniona.